Pumzi ya Injini: Eropleni za Pistoni na Mlima Kilimanjaro

Waongoza njia wa Marangu humfundisha mgeni neno moja kabla hajaanza kuupanda Mlima Kilimanjaro: polepole. Neno hilo si adabu ya mwendo tu, bali ni elimu. Kadiri mtu apandavyo ndivyo hewa ipunguavyo. Na afikapo kilele cha Kibo, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi aivutayo humpa karibu nusu tu ya hewa ambayo angeipata akiwa Tanga au Pangani. Moyo hupiga haraka, kichwa huuma, na mwenye nguvu nyingi aliyejaa pupa huweza kushindwa na mwenye nguvu chache aliyejaa subira.

Sheria hiyo haikuwekewa binadamu peke yake. Injini ya petroli nayo huvuta pumzi. Wala haiwezi kufuata shauri la polepole, kwa maana eropleni ikipunguza mwendo kupita kiasi huanguka. Kwa sababu hiyo historia ya injini kubwa za pistoni, zilizoendesha eropleni za dunia nzima tangu mwaka 1903 mpaka katikati ya karne ya ishirini, yaweza kusomwa kama historia ya kuitafutia mashine pumzi. Katika Afrika Mashariki hapana kipimo cha historia hiyo kilicho wazi kuliko Kilimanjaro, mlima uinukao peke yake kutoka katika tambarare, na mji wa Moshi ulio chini yake.

Kazi ya injini hiyo si fumbo. Ndani ya silinda mna pistoni iendayo na kurudi. Inaposhuka mara ya kwanza huvuta hewa iliyochanganyika na mvuke wa petroli, inapopanda huikandamiza, cheche ya plagi huiwasha, na mwako huisukuma pistoni chini kwa nguvu, kisha pistoni hupanda tena kuutoa moshi. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 15 za hewa ili iungue sawasawa. Basi chakula cha injini, kwa uzito, ni hewa zaidi kuliko petroli. Petroli yaweza kubebwa katika tangi kwa kadiri itakiwavyo. Hewa haibebwi, bali hupatikana njiani, na huko juu njia ni ya njaa.

Fundi atakaye nguvu zaidi ana njia tatu za kuchagua. Aweza kuongeza ukubwa au idadi ya silinda, yaani kukipanua kifua. Aweza kuizungusha injini haraka zaidi, yaani kuongeza idadi ya pumzi kwa dakika. Au aweza kuishindilia hewa ndani ya silinda kwa nguvu, kama mhunzi avukutavyo moto. Njia mbili za kwanza zilijulikana mapema, lakini hazikuiondoa adha ya mlima, kwa kuwa kifua kikubwa kilichojaa hewa hafifu ni kifua kitupu. Njia ya tatu ndiyo iliyoleta mageuzi.

Injini ambayo ndugu Wright waliitumia huko Marekani mwaka 1903 ilikuwa na silinda nne na nguvu za farasi zipatazo 12. Miaka minane baadaye, mwaka 1911, reli iliyotoka Tanga ilifika Moshi, na watu wa miteremko ya Kilimanjaro wakaijua pistoni katika sura yake ya kale, ile ya garimoshi, ambalo hubeba maji na kuni zake na kuburura uzito wake juu ya chuma. Hawakukaa muda mrefu kabla ya kuiona pistoni ya pili. Vita Kuu ya Kwanza ilipoingia katika nchi hizi, eropleni za Waingereza ziliwekwa Mbuyuni, upande wa mashariki wa mlima, na mapema mwaka 1916 ziliruka kuyachungulia majeshi ya Wajerumani wakati jeshi la Jenerali Smuts lilipokuwa likisonga kupitia Taveta kuelekea Moshi. Miongoni mwao zilikuwa B.E.2c, zenye injini ya silinda nane na nguvu za farasi 90. Katika hewa baridi na nzito ya Ulaya eropleni hizo ziliweza kufika mita kama 3,000. Katika joto la tambarare hizi, ambapo hewa hutanuka na kuwa nyepesi, hata kimo hicho kilikuwa cha taabu. Kibo ilikuwa mara mbili yake. Warukaji wa vita hivyo walizunguka magotini pa mlima, na hapakuwa na njia ya kuufikia uso wake.

Dawa ya udhaifu huo ilijaribiwa juu ya mlima mwingine. Mwaka 1918 mhandisi wa Kimarekani, Sanford Moss, aliipandisha injini ya Liberty yenye silinda 12 juu ya gari mpaka kilele cha Pikes Peak katika jimbo la Colorado, chenye kimo cha mita zipatazo 4,300. Injini hiyo, iliyokuwa na nguvu za farasi 350 katika nchi za chini, ilitoa 230 tu ilipowashwa kule juu. Ndipo Moss akaifungia chombo chake: gurudumu dogo lenye mabapa, lililozungushwa na moshi uliokuwa ukitoka katika injini yenyewe, nalo likazungusha gurudumu la pili lililosukuma hewa kuingia katika silinda. Nguvu zikarudi mpaka 356. Uchafu ambao injini ilikuwa ikiutupa uligeuzwa kuwa mtumishi wake.

Mtu wa Kilimanjaro hahitaji safari ndefu ya akili ili aielewe kazi hiyo. Wahunzi wa Kichagga, ambao wale wa Mamba walisifika miongoni mwao, walijua zamani kwamba mkaa ule ule huyeyusha chuma au huishia kukipasha moto tu, kwa kutegemea mvukuto. Mhunzi haongezi mkaa kwanza, huongeza upepo. Mafundi wa injini katika miaka ya 1920 na 1930 walikuwa wakijifunza somo hilo hilo, ijapokuwa mvukuto wao ulizunguka maelfu ya mara kwa dakika.

Mwanzoni mwa mwaka 1930, wakati mivukuto hiyo ilikuwa bado haijaenea katika eropleni za abiria, Kilimanjaro ilipitwa kwa juu. Aliyefanya hivyo alikuwa Mswisi Walter Mittelholzer, rubani na mpiga picha, aliyekuja Afrika Mashariki na eropleni ya aina ya Fokker akiwa amemchukua Baron Louis von Rothschild katika safari ya kuwinda. Fokker hiyo ilikuwa na injini tatu za Armstrong Siddeley Lynx, kila moja ikiwa na silinda saba na nguvu za farasi zipatazo 200. Kwa kanuni ya hewa, injini kama hizo zikifika usawa wa Kibo hubaki na kiasi cha nusu ya nguvu walizoondoka nazo chini. Hivyo mashine ya injini tatu hugeuka kuwa kama mashine ya injini moja na nusu. Hapana ujanja wa kuikwepa hesabu hiyo ila kupunguza mzigo, kupanda kwa mizunguko mirefu, na kuvumilia. Mittelholzer alifika, akalipiga picha shimo la Kibo na theluji yake kutoka angani. Picha hizo ziliwaonyesha walimwengu umbo la mlima ambalo hakuna aliyekuwa amelitazama kutoka juu. Kwa namna fulani hata mashine yake ilikuwa imefuata shauri la Marangu: ilikwenda polepole kwa kadiri mashine iwezavyo.

Lakini ushujaa wa siku moja si usafiri. Usafiri ulianza pale barua na watu walipopita kila juma kwa ratiba. Kampuni ya Imperial Airways ilifungua njia ya kutoka London mpaka Mwanza mwezi Februari 1931, na mwezi Januari 1932 njia hiyo ikaendelezwa mpaka Cape Town. Toka Nairobi eropleni zilituwa Moshi, kisha Dodoma, kisha Mbeya, zikaendelea Rhodesia na Afrika Kusini. Hivyo Moshi ukawa kituo kimojawapo katika njia ndefu kuliko nyingi zilizokuwapo wakati huo, na safari nzima ilichukua siku zipatazo 11.

Eropleni iliyotumika kwanza katika sehemu hii ya kusini ilikuwa de Havilland Hercules, yenye mabawa mawili yaliyopandana na injini tatu za Bristol Jupiter, kila moja ya nguvu za farasi 420. Jupiter ilikuwa na silinda tisa zilizopangwa kwa duara, kama spoki za baiskeli zinavyokizunguka kitovu. Mpango huo uliifaa sana Afrika. Kila silinda ilipozwa na upepo wa mwendo wenyewe. Hapakuwa na maji ya kuchemka, wala mabomba ya kuvuja, wala haja ya kutafuta maji safi katika kiwanja cha nyasi kilicho mbali na kisima. Hata hivyo Hercules ilihitaji nguvu za farasi 1,260 kubeba abiria saba na mifuko ya barua. Mwaka 1933 zilianza kushika nafasi yake eropleni za Atalanta, zenye bawa moja na injini nne, zilizobuniwa makusudi kwa viwanja vya nchi za juu na za joto, ili injini moja ikizimika nyingine tatu ziweze kuendelea kuibeba mashine bila kushuka katika milima.

Kiwanja cha Moshi, chenye kimo cha mita zipatazo 850, kiliipa injini karibu sehemu tisa za kumi za pumzi ya pwani. Nairobi, iliyo juu zaidi ya mita 1,600, iliipa sehemu nane tu na kidogo. Tofauti hiyo yaonekana ndogo katika karatasi, lakini kwa rubani ilikuwa tofauti ya urefu wa kiwanja, ya idadi ya mifuko ya barua, na ya saa ya kuondoka, maana asubuhi hewa ni baridi na nzito, na adhuhuri imekwisha kuwa nyepesi. Ratiba za eropleni katika Afrika Mashariki ziliandikwa na jua kama zilivyoandikwa na makarani.

Mwaka 1937 njia kuu ikauacha Moshi. Imperial Airways iliingiza eropleni kubwa zitualo majini, nazo zikatoka Kisumu zikaenda Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, zikafuata pwani mpaka Durban. Injini zao zilikuwa Bristol Pegasus, na hapa pana jambo ambalo mwanafunzi wa historia ya mitambo hana budi kulitazama kwa makini. Pegasus ilikuwa na silinda tisa, kama Jupiter. Ujazo wa silinda zake ulikuwa lita 28.7, sawasawa na ujazo wa Jupiter. Lakini Jupiter ya Hercules ilitoa nguvu za farasi 420, na Pegasus ilitoa 920. Kifua ni kile kile, na nguvu zimezidi maradufu.

Ongezeko hilo lilitokana na mvukuto wa hewa, na mvukuto ulidai mabadiliko mengine. Hewa ikishindiliwa hupata joto, na mchanganyiko wa petroli yenye joto kubwa huripuka kabla ya wakati wake, ukaigonga pistoni kama nyundo mpaka ikavunjika. Ilibidi wakemia watengeneze petroli isiyoripuka ovyo. Ilibidi wafua vyuma wapate vali zistahimilizo moto mwekundu. Ilibidi rafadha nazo zipewe mabapa yanayoweza kugeuzwa pembe, ili zikate sawasawa hewa nzito ya kiwanjani na hewa nyepesi ya juu. Roy Fedden, aliyeongoza kazi ya injini za Bristol katika miaka hiyo, hakuvumbua jambo moja kubwa. Alisimamia mengi madogo yaliyolazimishana.

Vita Kuu ya Pili viliiharakisha kazi hiyo kwa fedha na hofu. Silinda zilizokuwa duara moja zikawekwa duara mbili, moja nyuma ya nyingine. Wright ya silinda 18 ilifika ujazo wa karibu lita 55. Pratt & Whitney wakajenga Wasp Major, yenye duara nne, silinda 28, lita 71 na nguvu za farasi zaidi ya 3,000; plagi zake peke yake zilikuwa 56, na kila moja yaweza kuchafuka. Lycoming wakajenga nyingine ya silinda 36 na lita 127, yenye nguvu za farasi zipatazo 5,000, isiyopata kuruka hata mara moja. Hapo njia ya kukipanua kifua ilikuwa imefika mwisho. Kila silinda iliyoongezwa iliongeza nguvu, lakini iliongeza pia joto, uzito, na mahali pa kuharibika.

Majitu hayo hayakuwa ya Moshi. Injini iliyoitumikia Afrika Mashariki baada ya vita ilikuwa ya wastani na ya kutegemewa. Shirika la East African Airways lilianza mwaka 1946 na eropleni ndogo za mabawa mawili, kisha likapata Dakota, ambazo baada ya vita ziliuzwa kwa wingi na kwa bei nafuu. Dakota ilikuwa na injini mbili za Pratt & Whitney Twin Wasp, kila moja ya silinda 14 katika duara mbili, lita 30, na nguvu za farasi 1,200. Zaidi ya injini 170,000 za aina hiyo zilitengenezwa. Zilikuwa na mvukuto wao, na eropleni ikiwa nyepesi iliweza kufika mita zipatazo 7,000. Kwa hesabu ya nguvu, basi, Dakota ilikuwa imeishinda Kibo. Jambo lililokuwa la ushujaa mwaka 1930 lilikuwa sasa limo katika uwezo wa mashine ya kawaida ya abiria.

Tarehe 18 Mei 1955 Dakota ya East African Airways, yenye alama VP-KKH, iliondoka Dar es Salaam kwenda Nairobi ikiwa na watu 20. Haikufika. Iligonga mteremko wa kusini-mashariki wa Kilimanjaro, upande wa Mawenzi, katika kimo cha mita zipatazo 4,600. Hakusalimika hata mmoja.

Tukio hilo laitaka historia ya injini ijieleze. Mahali ilipogonga eropleni ni mita zaidi ya 2,000 chini ya kimo ambacho injini zake ziliweza kuifikisha. Atazamaye ramani ataona kuwa mstari ulionyooka toka Dar es Salaam mpaka Nairobi hupita mashariki ya Mawenzi, karibu nayo mno. Kosa dogo la upande wa kushoto humleta msafiri mlimani. Na Mei ni mwezi wa masika katika miteremko ya kusini, ambapo mlima mzima waweza kujifunika mawingu kwa siku nyingi, mtu wa Marangu akaishi chini yake bila kuuona.

Basi iulizwe: ikiwa injini ziliweza kupita juu ya mlima, kwa nini marubani wa Dakota hawakuzoea kwenda juu zaidi kuliko vilele vyote? Jibu linarudi kwenye pumzi, lakini safari hii si pumzi ya injini. Mvukuto ulikuwa umepewa mashine, abiria hawakupewa. Chumba cha Dakota hakikuzibwa wala kushindiliwa hewa. Mita 6,000 juu ya bahari injini ingenguruma kwa raha, na nyuma yake wazee, watoto na wagonjwa wangeketi katika hewa ya kileleni, waliyofikishwa kwa dakika chache bila ile polepole ya siku tano ambayo waongoza njia humpa mpanda mlima. Kwa hiyo eropleni zilikwenda chini, katika mawingu, kati ya milima, zikitegemea dira, saa na redio. Mafundi walikuwa wameifundisha injini kupumua, lakini hawakuwa wamempa rubani jicho la kuona ndani ya wingu, wala abiria kifua cha kuliruka.

Uchungu wa jambo hili wazidi likilinganishwa na yaliyokuwa yakitendeka jirani. Tarehe 2 Mei 1952, miaka mitatu kabla ya msiba huo, eropleni ya Comet ilianza safari za abiria kati ya London na Johannesburg, ikituwa Entebbe njiani. Ilikuwa safari ya kwanza ya abiria duniani kwa injini za jeti. Injini hizo hazikuwa na pistoni wala silinda. Hewa iliingia mbele, ikashindiliwa na magurudumu yenye mabapa, ikawaka mfululizo na kutoka nyuma. Mvukuto, ambao zamani ulikuwa nyongeza, ulikuwa sasa umekuwa injini yenyewe. Na abiria waliketi katika chumba kilichozibwa, zaidi ya mita 10,000 juu, wakiyatazama mawingu ya masika chini ya miguu yao. Comet za kwanza zililipia ujasiri wao, kwani mwaka 1954 ziliondolewa kazini baada ya mbili kupasuka angani. Lakini njia ilikuwa imeonyeshwa. Msafiri wa mbali alikwisha kupita juu ya hali ya hewa, na msafiri wa karibu, aendaye toka Dar es Salaam mpaka Nairobi kwa shughuli zake, alibaki kusafiri ndani yake.

Pengo hilo lilizibwa pole kwa pole. Mwaka 1957 East African Airways lilipata Argonaut, zenye injini nne za Rolls-Royce Merlin na chumba kilichozibwa, nazo zilikuwa injini kubwa za mwisho za pistoni katika njia zake ndefu. Mwaka 1960 Comet mpya zikashika nafasi yao. Mapema katika miaka ya 1960 njia za ndani nazo zikapata Fokker Friendship, ambazo rafadha zake zilizungushwa na injini za aina ya jeti, na ambazo abiria wake walipumua hewa ya chini wakiwa juu. Dakota hazikutoweka mara moja, lakini zama zao zilikuwa zimepita. Shirika lenyewe lilivunjika mwaka 1977.

Mwezi Desemba 1971 Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro kilifunguliwa katika tambarare kati ya Moshi na Arusha, kikiwa na njia ya kurukia yenye urefu wa mita 3,600, iliyojengwa kwa ajili ya jeti. Kiwanja cha zamani cha Moshi kikabakia cha eropleni ndogo. Pistoni haikufa, bado huendesha ndege ndogo zinazobeba watalii na marubani wanafunzi katika Afrika Mashariki, na kila moja yazo, ikiukaribia mlima, hukutana na hesabu ile ile aliyokutana nayo Mittelholzer.

Katika miaka 50 injini za pistoni ziliongezeka kutoka nguvu za farasi 12 mpaka zaidi ya 3,000, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni kisa cha hewa iliyokamatwa na kushindiliwa. Ni kazi ya kustahili heshima. Lakini watu 20 wa mwaka 1955 hawakukosa nguvu. Walikosa maarifa mengine, ya kuona na ya kupumua, ambayo yalikuwa yakikua kwa mwendo tofauti na mwendo wa injini. Nguvu ya mashine ikipanda peke yake, bila wenzake hao, humfikisha mtu mahali ambapo hajawa tayari kufika. Wazee wa Marangu walikuwa na neno moja kwa ajili ya hatari hiyo, nao walikuwa wakilisema kabla eropleni ya kwanza haijasikika katika miteremko yao.